Swali Lililotumwa Visimani

Kazi yangu ya kwanza pwani ilikuwa kutafuta watu bila kuinuka kitini. Nilikaa katika chumba cha simu cha hoteli moja ya Diani, mbele yangu ubao wa simu, kando yangu redio ya mkononi, na kutwa nzima nikiulizwa: fundi wa mabomba yuko wapi, mgeni wa chumba fulani ameonekana na nani, ufunguo wa stoo uko mfukoni mwa nani. Wiki za mwanzo nilikuwa nikibonyeza kitufe na kuwauliza wote kwa pamoja. Walinzi, watu wa bustani, wahudumu wa baa na mtu wa bwawa la kuogelea walijibu wakati mmoja, na kilichonifikia kilikuwa mkwaruzo kama wa sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Baadaye nikajifunza kumwuliza kwanza yule aliye karibu na mahali ambapo mtu huyo hupenda kuwa, naye akikosa amwulize jirani yake. Ilichukua muda zaidi, lakini jibu lilifika likiwa zima.

Wageni walipopungua, mwishoni mwa miaka ya tisini, hoteli ilitupunguza na sisi. Sikurudi bara. Nilikuwa nimeshazoea hewa ya huku, na nilikuwa nimepanga chumba Ukunda chenye mlango unaofungika vizuri. Mhandisi mmoja kutoka Nairobi alikuwa akitafuta mtu aliyezoea redio na asiyechoka kusubiri. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vizito visivyofaa mchanga. Aliniuliza maswali mawili matatu kuhusu kazi yangu ya hoteli, nikamweleza habari za mkwaruzo, akacheka, akaniambia nianze Jumatatu.

Mradi wake ulikuwa wa visanduku. Kila kisanduku kilikuwa na ukubwa wa mkate, kimefungwa kwenye nguzo kando ya kisima. Waya ulishuka hadi majini ukiwa na kipima chumvi kwenye ncha yake. Juu palikuwa na kipande cha sola, na ndani palikuwa na betri na redio ndogo. Redio hiyo haikuwa na nguvu ya kufika ofisini kwetu. Iliweza kumfikia jirani tu. Jirani alipokea, akampa jirani yake, na hivyo hivyo mpaka habari ikafika katika chumba chetu kando ya barabara kuu ya Lunga Lunga, ambako lori likipita kompyuta ilitetemeka mezani pamoja na vikombe vya chai.

Jambo moja mhandisi alinifundisha siku ya kwanza, na kila kitu kilichofuata kilitokana nalo. Kisanduku kikipima chumvi, hakitumii betri ya maana. Kikisema, ndipo kinapojimaliza. Kwa hiyo kila kimoja kilikaa na habari zake kimya mpaka kiulizwe. Kazi yetu haikuwa kukusanya habari. Ilikuwa kujua namna ya kuuliza.

Visima vilianzia nyuma ya mahoteli, vikapita katika mashamba ya mpango wa makazi wanakolima watu waliotoka bara, vikaelekea upande wa Kinondo kwa wenyeji. Baadhi vilikuwa vimeanza kuingia chumvi. Sababu zilitajwa nyingi na kila mtu alikuwa na yake. Sisi hatukutumwa kutafuta sababu.

Mwezi wa pili, kiangazi kikiwa kimekaza, alikuja ofisini mama mmoja mkulima wa huko kwenye mpango wa makazi. Alikuwa mtu wa Kitui, mrefu, amejifunga kitambaa kichwani, udongo umemkauka hadi kwenye viwiko. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Dada, hiyo mashine yenu si inajua maji?"

"Inajua chumvi, mama."

"Basi iulize. Nina miche ya nyanya na hoho kitaluni, imeshafika kupandikizwa. Ya msimu uliopita niliimwagia maji ya kisima changu, majani yakaungua kando kando kama yamepitishwa motoni. Yote. Nataka kujua kisima kipi cha jirani hakiingii chumvi hata maji ya bamvua yakija."

Bamvua ni yale maji makubwa ya bahari, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Visima vingi vya huku huyasikia, hata vilivyo mbali na ufuo.

Mhandisi aligeuka kutoka kwenye kompyuta. "Kutabiri haiwezi, mama. Inaweza kutuambia bamvua lililopita kisima kilikuwaje."

"Yanitosha. Mimi mwenyewe siwezi kumtabiri hata mume wangu."

Nilimwuliza kwa nini asizunguke akaonja. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Nionje kwa ulimi upi? Nimekunywa maji ya kisima changu mpaka ulimi umekuwa wa papa. Chumvi siijui tena. Na ukiwauliza wenyewe, kila mmoja kisima chake ni zamzam."

Hapo alikuwa amesema kweli. Katika kuzunguka kwangu kote sikuwahi kukutana na mtu aliyekubali kwamba kisima chake kina chumvi. Cha jirani, ndiyo. Chake, hapana.

Kabla ya kuondoka alisema jambo ambalo hakulisema kwa sauti kubwa. Miche hii ikiungua kama ile, angefunga virago arudi Kitui kwa kaka yake akachunge mbuzi wa watu. Mume wake alikuwa tayari ameanza kuliongea hilo wakati wa kula. Yeye hakutaka. Shamba lile alikuwa amelifyeka mwenyewe.

Tulianza na njia ya haraka. Mhandisi aliiita mafuriko. Mimi moyoni niliiita mbiu, kwa sababu ilikuwa ile ile ya redio ya hoteli. Tulitoa swali kwa kisanduku cha kwanza, nacho kikalirudia kwa wote waliokisikia, na kila aliyesikia akalirudia kwa wote waliomsikia yeye. Kwa kitambo kidogo swali moja lilikuwa maswali mengi. Majibu nayo yalirudi kwa pamoja, yakagongana njiani, na kwenye kioo cha kompyuta vikashuka vipande vya maneno na tarakimu zilizokatika. Tulirudia. Tulirudia tena. Visanduku vya mbali vikaanza kunyamaza, kimoja baada ya kingine.

"Betri," alisema mhandisi, na akaipiga marufuku njia ile.

Ya pili ilikuwa ya duara. Tuliuliza visima vinavyopakana na shamba la mama tu, na kulipa swali ruhusa ya kuruka hatua moja tu, hadi kwa majirani. Vyote vilijibu vizuri, na vyote vilikuwa na chumvi. Tukaongeza ruhusa, duara likapanuka, chumvi tena. Kasoro yake ni kwamba kila tulipolipanua duara, tuliwaamsha upya wale wale tuliokwisha kuwauliza. Ni njia nzuri ikiwa unachokitafuta kiko karibu. Chetu hakikuwa karibu.

Tukajaribu kulituma swali litembee. Halikuuliza wote. Lilipofika kwenye kisanduku lilichagua jirani mmoja, jirani yeyote, likaenda. Betri zilipumzika. Mama mkulima, ambaye sasa alikuwa akija karibu kila alasiri na kunisaidia kumalizia chai, alisimama nyuma yangu akitazama alama za njia lilikopita. Lilikwenda kisima cha msikitini, likaenda cha shuleni, likarudi cha msikitini, likaenda dukani, likarudi cha msikitini.

"Hili swali lenu," alisema, "limepitia kwa mgema."

Mhandisi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatueleza jambo alilokuwa akilifikiria, naye alilieleza vizuri kwa kuwa alilipenda. Kwa nini swali ndilo liwe na kazi yote ya kutafuta? Kisima kilichokaa kitamu kipindi kizima kitoe habari hiyo chenyewe, si kwa wote, bali kwa jirani mmoja, naye kwa mwingine, mstari mmoja mwembamba. Kila aliyepitiwa asihifadhi habari yenyewe, ahifadhi tu kwamba imetoka upande gani. Swali nalo likitembea, lazima siku moja litakatiza mstari huo. Likishaukuta halina haja tena ya kubahatisha. Linaufuata hadi mwanzo wake.

"Hivyo ndivyo nilivyompata beberu wangu mwaka jana," alisema mama. "Niliacha neno kwenye mashine ya kusaga unga na kwenye duka la mafuta ya taa. Aliyemwona naye alikuwa ameshaacha neno kwa mwuza maandazi. Mwuza maandazi akaenda kusaga."

"Ndivyo, mama. Beberu."

"Sasa si mngesema mapema?"

Kuandika maagizo mapya kulikuwa kazi ya mhandisi. Kuyapeleka kulikuwa kazi yetu wote wawili, kwa sababu kila kisanduku kilitaka kufikiwa na kuunganishwa kwa waya. Tuliendesha baiskeli kutoka kisima hadi kisima, tukisalimia kila mlango kwa ukamilifu, maana huku huwezi kufika uani kwa mtu ukaanza na habari ya waya. Visanduku vilivyonyamaza vya upande wa Kinondo tulivibakiza. Mhandisi alikuwa na hakika kwamba ile mbiu ndiyo iliyomaliza betri zao, na kwamba jua lenyewe lingevifufua baada ya siku chache. Viwili kati yao vilikuwa na maagizo mapya tayari, kwa kuwa mhandisi alikuwa amevijaribia, pamoja na cha shuleni, kabla havijanyamaza kabisa.

Tulipolituma swali kwa njia hiyo mpya, nilikuwa na mama kando yangu. Liliondoka kwenye kisima chake, likazunguka kidogo, likafika kisima cha kanisa la watu wa bara. Hapo likageuka. Sikuwahi kuliona likigeuka hivyo. Lilinyooka likaenda dukani, kutoka dukani likaenda shuleni, na shuleni likajibiwa kwamba habari ya maji matamu ilitoka upande wa kisima kinachofuata. Likaruka kwenda huko. Tukasubiri.

Kimya.

"Kimesemaje?" aliuliza mama.

"Cha shuleni kinasema jirani yake ndiye mwenye maji. Lakini jirani hajibu."

"Neno hilo ni la lini?"

Nilimtazama mhandisi. Alijikuna shingo. Hakuwa ameweka mahali pa kuandika umri wa neno.

"Hakijui," alisema.

"Basi huo ni umbea," alisema mama, akakaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza. Miche ilikuwa imeanza kurefuka shingo kitaluni. Bamvua jingine lilikuwa linakuja wiki ile ile, na baada ya hapo isingefaa kupandikizwa tena.

Ndipo tulipoamua kwenda kukiona kisanduku chenyewe. Tulikwenda watatu, mama mbele. Kisima kilikuwa uani kwa bibi mmoja mwenyeji, msukaji wa makuti, mwanamke mwembamba aliyeketi juu ya mkeka, vidole vyake vikienda bila yeye kuvitazama. Tulibisha hodi, tukampa shikamoo, akatupa marahaba, akatuuliza habari za nyumbani, za kazi, za jua, akamwambia mhandisi kwamba viatu vyake vinaonekana vina njaa. Kisha akatukaribisha maji. Tuliyanywa. Mimi niliona ni matamu, lakini ni nani huambiwa karibu akaona maji ni mabaya?

"Bibi," nilisema, "tumekuja kukitazama kile kisanduku."

"Kimelala."

Alituonyesha kwa mdomo. Pale ilipokuwa nguzo yetu palikuwa na kibanda. Kilikuwa na miti minne iliyonyooka, paa la makuti lililopangwa kwa kubana, mgongo umefungwa kwa kamba ya usumba wa nazi, na mbele imeachwa nafasi ndogo ya kupitisha mkono. Ilikuwa kazi safi kuliko paa la nyumba niliyopanga. Ndani, katika kivuli kizito, kisanduku chetu kilikaa kimejaa vumbi, sola yake imetazama makuti.

Mhandisi aliinama akachungulia.

"Bibi, hiki kinakula jua," alisema.

"Kinakula nini?"

"Jua. Ndicho chakula chake. Hiki kipande cha juu ndicho kinywa."

Bibi aliweka ukuti chini. "Subhanallah! Kumbe nimekifungisha, na Ramadhani imeshapita!" Alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya leso, kisha akakaza uso. "Lakini nyinyi watu wa bara mna lawama. Mlikuja hapa mkaniambia, bibi, kitunze. Sasa kutunza kitu ni kukiacha juani? Mkeka hauachwi juani. Mgeni haachwi juani. Hata redio ya marehemu mume wangu haikukaa juani siku moja."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumewaambia wote neno hilo moja, wakitunze, na hatukuongeza jingine.

"Na si changu tu," aliendelea. "Niliwapa makuti na majirani zangu. Watu wazima, nao hawajui kuezeka, nikawasaidia."

Mhandisi aliketi kwenye ukingo wa mkeka. Siku zote hizo alikuwa ameilaumu mbiu. Alimtazama bibi, akatazama kibanda, mabega yakaanza kumcheza, na mama mkulima akaanza naye, mpaka sote tulikuwa tukicheka pale uani na kuku wakitukimbia.

Hatukukivunja kibanda. Bibi asingekubali, na mhandisi mwenyewe alisema betri hupenda ubaridi. Tuliipandisha sola juu ya paa tukaifunga kwa kamba ile ile ya usumba, bibi akisimamia mafundo na kuyakataa mawili. Tukaenda kwa majirani tukafanya vivyo hivyo, tukavipa na visanduku vyao maagizo mapya. Kufikia kesho yake mchana, visanduku vya upande ule vilikuwa vimeamka, na cha bibi kilikuwa kikipima.

Kilikuwa kimesahau yote ya nyuma. Kwa hiyo ule umbea haukuweza kuthibitishwa, na tulilolihitaji lilikuwa mbele yetu: bamvua la wiki ile.

Mama alirudi kwa bibi peke yake jioni hiyo kuomba ruhusa ya kupandia miche yake huko. Kando ya kisima palikuwa na kiwanja kilichokuwa na muhogo wa zamani, kimebaki wazi. Alinisimulia mazungumzo yao asubuhi yake, akiigiza sauti zote mbili.

"Maji ni ya Mwenyezi Mungu, mwanangu, siwezi kukunyima. Lakini kamba ni yangu, ikikatika utasuka nyingine."

"Nitasuka, bibi."

"Unajua kusuka?"

"Sijui."

"Nitakufundisha. Na usiniletee nguruwe hapa."

"Mimi nina mbuzi tu, bibi, naye yuko mbali."

"Nyanya zikiiva nitakula."

"Utakula wa kwanza."

Bahari ilipoanza kukua, tuliuliza kisima kimoja tu. Swali liliondoka ofisini, likaufuata mstari wake, kanisani, dukani, shuleni, uani kwa bibi, likarudi na jibu. Halikumwamsha mtu mwingine. Nilikuwa nikiyaona maji ya bahari kila siku yakipanda zaidi ya jana, nayo tarakimu ya kisima kile ilikuwa ikijongea kidogo na kushuka. Kisima cha mama mwenyewe, tulichokiuliza mara moja kwa kulinganisha, kilikuwa kimepaa chumvi. Nilimwonyesha. Aliitikia kwa kichwa tu.

Siku ya maji makubwa kuliko yote, yalijaa alasiri. Mhandisi alisema kisima huchelewa nyuma ya bahari, kwa hiyo tungoje mpaka yaanze kutoka. Tulingoja. Lori la kuelekea mpakani lilipita, meza ikatetemeka. Nikalituma swali. Jibu lilipotokea nililisoma kwa kidole, kisha mhandisi akalisoma kwa kidole chake, tukalituma swali mara ya pili, tukapata jibu lile lile. Tarakimu haikuvuka alama ya chumvi inayounguza majani.

Nilichukua baiskeli. Njia ilikuwa ya mchanga na nilisukuma kuliko nilivyoendesha.

Nilimkuta mama uani kwa bibi. Alikuwa ameing'oa miche kitaluni na udongo wake, ameipanga kwenye karai, ameifunika gunia lililoloweshwa, na mashimo alikwisha kuyachimba kwa mistari iliyonyooka pale palipokuwa na muhogo. Alikuwa amesimama tu. Mume wake alikuwa pembeni na jembe, mtu mkimya, wala sikuwa nimewahi kumwona.

"Maji yamejaa?" aliuliza mama.

"Yalijaa, sasa yanatoka."

"Na hapa?"

"Hapa ni matamu, mama. Tumeuliza mara mbili."

Alimtazama mume wake. Mume akalilaza jembe chini, akaenda kisimani, akaishika kamba.

"Shimo lipate maji kwanza, ndipo mche!" bibi alimpigia kelele kutoka kwenye mkeka. "Loo, huko bara hupandaje?"

"Hupanda hivi hivi, bibi, mvua ikipenda," alisema mume, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa kuisikia sauti yake.

Mama alipiga magoti. Aliushika mche wa kwanza shingoni kwa vidole viwili, akaushusha, akaukandamiza udongo kuuzunguka kwa viganja vyote viwili. Nilikunja mikono ya blauzi nikapokea ndoo. Tulifanya kazi mpaka adhana ya magharibi, bibi akaondoka kwenda kuswali, akarudi, akakagua mstari baada ya mstari na kusogeza mche mmoja upana wa kidole.

Baada ya siku kadhaa, bamvua likiwa limepita, nilipita pale asubuhi. Mama alikuwa amechuchumaa kati ya mistari, leso ya kazi kiunoni, akigeuza jani moja moja kutazama kingo zake. Nilimsalimia. Hakuinua kichwa.

"Njoo uone," alisema. "Kijani mpaka ukingoni."